Kila Kipande na Dawa Yake

Leo nataka tuzungumze juu ya kusafisha filamu nyumbani, na hasa filamu ya vipande. Ile ya mkanda, inayoviringishwa ndani ya kamera ndogo, wengi mnaijua. Filamu ya vipande hukatwa kiwandani kila kimoja peke yake, ukaja ukakipachika gizani ndani ya kibebeo chembamba, ukakichomeka nyuma ya kamera kubwa ya kusimamisha kwenye miguu mitatu. Ndiyo kamera ile ambayo mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi ili aione sura kwenye kioo cha nyuma, imepinduka miguu juu kichwa chini. Kamera hizo hazijafa. Filamu zake zinatengenezwa hadi leo na Ilford kule Uingereza na Kodak kule Marekani, kwa vipande vya inchi 4 kwa 5, na vingine vya inchi 8 kwa 10, ambavyo vinakaribia ukubwa wa karatasi ya A4.

Wanaoipenda kazi hii hapa kwetu wengi huishia mlangoni, kwa kuwa wameambiwa kwamba kusafisha kunataka maabara, na kwamba joto la pwani litaiharibu filamu. Mimi nasema bafu la nyumba ya kawaida linatosha, na joto linatawalika. Tena nasema zaidi ya hapo: mtu anayepiga picha kwa filamu ya vipande kisha akampa mwingine amsafishie, nusu ya picha yake ameiacha mikononi mwa mtu ambaye hakuwapo.

Nieleze kwa nini. Mkanda wa kawaida una picha 36. Umempiga bibi harusi kivulini, ukapiga ufukwe saa sita mchana, ukapiga duka usiku. Zote 36 zinaingia tangi moja, dawa moja, dakika zile zile. Muda unaoifaa picha ya ufukwe unaidhulumu ile ya kivulini, na hakuna namna ya kuzitenganisha. Kipande hakina ndugu wa kukiburuta. Ukikipiga unajua kilipigwa wapi, jua lilikuwaje, na usiku wake unakipa muda wake.

Na muda ndio kila kitu. Juu ya filamu kuna utando wa jelatini, na ndani ya jelatini zimetawanyika chembe za chumvi ya fedha, madini haya haya ya sonara. Mwanga ukizigusa chembe hizo hubadilika kidogo mno. Ungeitazama filamu wakati huo usingeona kitu. Dawa ya kwanza, developa, ndiyo inayozigeuza chembe zilizoguswa kuwa fedha halisi, nyeusi. Sasa sikiliza hapa. Sehemu za kivuli zilipata mwanga kidogo, kwa hiyo zina chembe chache za kugeuzwa, na kazi yao huisha mapema. Sehemu zilizopigwa na jua zina chembe tele, nazo huendelea kuwa nyeusi kadiri filamu inavyokaa ndani ya dawa. Ndiyo maana wenye kazi hii husema kwamba mwanga unaoipa picha ndio unaoamua vivuli, na dakika za dawa ndizo zinazoamua sehemu angavu.

Chukua mlango wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wa mbao nyeusi iliyochongwa, umewekwa katikati ya ukuta wa chokaa, na ni saa saba mchana. Ukipima mwanga wa ukuta, mlango utatoka kama shimo, michongo yote imepotea. Ukipima wa mlango, ukuta utakuwa mweupe mtupu, usioonyesha hata ufa. Kwenye mkanda ungechagua hasara mojawapo. Kwenye kipande unaupa mlango mwanga wake kamili, hata mara mbili ya ule ambao kipimo cha kawaida kingekuambia, kisha ukifika nyumbani unapunguza muda wa dawa kwa kiasi cha sehemu moja ya tano. Michongo imekwisha kuingia. Ukuta unazuiwa kabla haujaungua. Kesho yake ukiwa Lushoto kwenye ukungu, ambako kila kitu kimefifia na kufanana, unafanya kinyume: unaongeza dakika ili sehemu angavu zijitenge na zilizobaki. Mpiga picha Ansel Adams na mwenzake Fred Archer, wakifundisha Los Angeles karibu na mwaka 1940, waliupanga ujuzi huu ukawa mfumo wa kufundishika darasani, na mpaka leo ndio unaofuatwa.

Huyo Adams ana picha moja ambayo naiona kuwa ushahidi mkubwa kuliko maneno yangu yote. Ni ile ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, ya mwaka 1941. Alikuwa njiani kwa gari, akaona jua la mwisho limegusa misalaba ya makaburini, na mwezi umekwisha kutokeza juu ya milima. Alisimamisha kamera yake ya inchi 8 kwa 10 haraka, na kipimamwanga hakukiona kilipo. Alikuwa anaujua mng'ao wa mwezi kwa hesabu, akautumia huo. Alipiga kipande kimoja. Alipogeuza kibebeo apige cha pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba. Kwa hiyo dunia nzima kulikuwa na kipande kimoja tu cha picha ile, na ardhi ya mbele ilikuwa imepata mwanga kidogo sana, huku mwezi ukiwaka.

Je, angekitia kipande kile kwenye dawa kama vingine? Alichanganya developa iitwayo D-23, akaizimua, akakitumbukiza kipande nusu dakika ndani ya dawa, kisha dakika mbili ndani ya maji matupu bila kukitikisa, akarudia zamu kumi. Kipande kikiwa ndani ya maji, dawa iliyofyonzwa na jelatini kwenye sehemu angavu hutumika ikaisha upesi, mwezi ukasimama hapo ulipofika. Kwenye vivuli dawa ile ile ina kazi ndogo, kwa hiyo huendelea polepole kuitoa ardhi. Hakuna duka ambalo lingemfanyia hivyo. Na dawa yenyewe si ya ajabu: D-23 ina vitu viwili tu, gramu 7.5 za metoli na gramu 100 za sodiamu salfaiti kwa lita moja ya maji. Mwenye mizani ndogo anaweza kuichanganya nyumbani. Akumbuke tu kutia chembe kidogo ya salfaiti kwanza, kisha metoli yote, kisha salfaiti iliyobaki, kwa sababu metoli haiyeyuki vizuri kwenye maji yaliyojaa salfaiti.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapo ndipo watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Tanga wanapokata tamaa. Maelekezo mengi ya dawa yameandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Fungua bomba mwezi wa pili, uone maji yanatoka na nyuzi ngapi. Dawa ikiwa ya moto hufanya kazi haraka, na jelatini hulainika ikavimba, ikawa rahisi kuchubuka hata kwa ukucha. Lakini tukumbuke kwamba pwani hii ilikuwa na wapiga picha kabla ya friji. A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja tangu karne ya 19, wakati picha zilipopigwa juu ya vioo badala ya filamu. Vioo vile vilisafishwa katika joto hili hili. Mafundi wa nchi za joto walikuwa na njia zao: walitia sodiamu salfeti ndani ya dawa ili jelatini isivimbe, au walipitisha filamu kwenye maji ya alamu ya kromi ili ikaze. Filamu za siku hizi zimeimarishwa tangu kiwandani, kwa hiyo huhitaji kufika huko.

Unahitaji hesabu. Ilford wanaeleza kwamba kazi ya dakika 4 kwenye nyuzi 20 itakuwa ya dakika 3 kwenye nyuzi 23. Yaani kila nyuzi 3 zikipanda, unabakiwa na robo tatu ya muda. Filamu yao ya HP5 Plus, ikisafishwa kwa dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, hutaka dakika 13 kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 23 inakuwa chini kidogo ya dakika 10, na kwenye nyuzi 26 ni kama dakika 7 na sekunde 20. Umeona? Bado ni muda mzuri wa kufanyia kazi. Hatari iko chini ya dakika 5, kwa sababu sekunde chache za kuchelewa zinakuwa kubwa na dawa haiwahi kuenea sawasawa. Ndiyo maana nasema kwenye nchi ya joto zimua dawa. Dawa kali kwenye maji ya moto itakukimbiza. Ikizimuliwa, muda hurefuka na mkono hutulia.

Na kushuka kutoka nyuzi 30 hadi 24 si kazi ngumu. Nunua barafu ya mfuko, ile inayouzwa mtaani. Usiitie ndani ya dawa. Jaza beseni kubwa maji, tia barafu humo, kisha simamisha chupa za dawa ndani ya beseni mpaka kipimajoto kikuambie zimefika. Muhimu zaidi ya kuzipoza ni kuzifananisha. Developa, maji ya siki ya kuisimamisha kazi yake, fiksa ya kuondoa chembe ambazo hazikuguswa na mwanga, na maji ya kuoshea, vyote viwe karibu joto moja. Ukiitoa filamu kwenye dawa ya nyuzi 22 ukaiweka chini ya bomba la nyuzi 31, jelatini inaweza kujikunja ikafanya mikunjo midogo midogo isiyofutika. Mimi kwa maoni yangu ni afadhali vyote viwe nyuzi 25 kuliko kimoja kiwe 20 na kingine 30.

Chumba cha giza chenyewe ni bafu, usiku. Ziba chini ya mlango kwa taulo, ziba dirisha kwa blanketi, funika kitaa cha hita ya maji, acha simu nje. Kisha keti humo gizani dakika tano nzima. Macho yakizoea ndipo utakapouona ufa ambao mwanzo hukuuona. Uzibe, ndipo ufungue sanduku la filamu.

Gizani utajuaje upande wa dawa, yaani ule wenye utando wa jelatini? Kiwanda kimekusaidia. Kwenye pembe moja ya kila kipande kuna mapengo madogo yaliyokatwa ukingoni. Shika kipande kikiwa kimesimama kwa urefu. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikiyagusa mapengo kwenye pembe ya juu, upande wa dawa unakutazama wewe. Mapengo hayo pia hutofautiana kwa kila aina ya filamu, kwa hiyo vidole vilivyozoea vinajua hata ni filamu gani.

Panga trei kwa mstari usiobadilika, kushoto kwenda kulia: maji matupu, developa, maji ya siki, fiksa. Vipande huanza kwenye maji matupu, kimoja kimoja, kila kimoja kizame na kulowa kabla hujatia kingine. Hatua hii isirukwe, kwa sababu vipande viwili vikavu vikigusana ndani ya dawa hung'ang'aniana, na kuvibandua ni kuviharibu. Kisha unavihamishia kwenye developa. Hapo kazi ni kama ya kuchanganya karata: unachomoa kipande cha chini kabisa, unakiweka juu, unakizamisha taratibu kwa kiganja, unachomoa cha chini tena. Ukiwa na vipande sita, ukihamisha kimoja kila sekunde tano, kila kimoja kinafika juu mara moja kwa nusu dakika. Kipande cha kwanza kigeuze, mapengo yake yaelekee upande tofauti na wenzake, ili ujue umemaliza mzunguko na ujue kipi kiliingia mwanzo. Kucha ziwe fupi. Adui mkubwa ni pembe ya kipande cha jirani, ambayo ni kali, na ikiuparaza utando laini mkwaruzo hauponi.

Ninampenda sana anayeanza na kipande kimoja tu ndani ya trei. Hakuna cha kumkwaruza, na vidole vinajifunza. Wapo wanaotumia tangi lililofungwa lenye vishikizo ndani, taa ikawashwa mara baada ya kufunga kifuniko. Wapo wanaokikunja kipande kwa raba ya nywele, upande wa dawa ukiwa ndani, wakakisimamisha kwenye tangi la kawaida. Njia zote zinafanya kazi. Mimi trei ndiyo ninayoiamini kwa mwanafunzi, maana haina gharama na inamfundisha kwa mkono.

Muda utauhesabu vipi gizani? Kwa sikio. Rekodi sauti yako ukihesabu dakika na nusu dakika, uicheze kwenye spika iliyo nje ya mlango.

Kuna filamu zinazokuruhusu taa nyekundu. Zinaitwa za ortho, na Ilford wanayo moja iitwayo Ortho Plus. Haziioni rangi nyekundu, kwa hiyo unaweza kuitazama picha ikitokea kwenye trei, na hilo ni darasa kubwa. Filamu ya eksirei isiyoona nyekundu nayo huweza kutumiwa hivyo, ila nyingi zina dawa pande zote mbili, kwa hiyo huchubuka haraka. Ukiitumia, weka kioo laini ndani ya trei, chini, isikwaruzwe. Lakini nitoe tahadhari ambayo vitabu vya Ulaya haviisisitizi. Ngozi zetu za kahawia zina wekundu mwingi ndani yake. Filamu isiyoona nyekundu itazifanya ziwe nyeusi kuliko zilivyo, na midomo itakuwa nyeusi zaidi. Kwa majengo, miti na vyombo vya bandarini, tumia ortho bila wasiwasi. Kwa uso wa mama yako, tumia filamu inayoona rangi zote, ukubali kufanya kazi kwenye giza totoro.

Baada ya developa, siki iliyozimuliwa huisimamisha kazi kwa nusu dakika. Kisha fiksa, inayoziyeyusha chembe ambazo hazikuguswa na mwanga. John Herschel, Mwingereza, aligundua mwaka 1819 kwamba chumvi za jamii ya fiksa huyeyusha chumvi za fedha, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa kwa umma. Ukungu wa maziwa ukishatoka kwenye filamu, iache tena kwa muda sawa na huo, ndipo uwashe taa.

Kuosha nako kusidharauliwe. Fiksa ikibaki ndani ya jelatini, miaka ikipita picha hugeuka manjano na kufifia. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alipiga kwa kamera ya sentimita 13 kwa 18, na mara nyingi alimpa mteja kipande kimoja tu kwa sababu ya bei ya filamu. Negativu zake zilikaa miaka 30 na zaidi, zikaja kuchapwa kwa ukubwa wa ukutani na kuonyeshwa Paris mwaka 1994. Kipande kilichooshwa kizembe kisingefika huko. Kwa maji yetu ya visima vya pwani, ambayo yana chumvi, osha kwa kubadilisha maji mara kadhaa, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji ya kunywa yaliyochujwa, yenye tone la dawa ya kuyafanya yasiache madoa. Tundika kipande kwa pembe moja, bafuni, feni ikiwa imezimwa ili vumbi litulie. Kikikauka kitie kwenye bahasha ya karatasi. Jelatini ni chakula cha mende na cha ukungu, usikiache wazi.

La mwisho nalisema kwa msisitizo. Usiweke dawa hizi kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa usiku mmoja. Mtoto haulizi. Nunua chupa za rangi, andika jina na tarehe kwa maandishi makubwa, zifungie juu. Vaa glavu, maana metoli huwasumbua baadhi ya watu ngozi. Trei ya dawa isirudi jikoni kamwe. Fiksa iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo usiimwage karibu na kisima. Ikusanye kwenye dumu, na sufi ya chuma ikitiwa humo itaivuta fedha hiyo.

Basi msikilizaji, ukiwa na hamu, kabla ya kutafuta kamera nunua kipimajoto. Pima maji ya bomba lako asubuhi, mchana na usiku kwa wiki nzima, uandike kwenye daftari. Ukishazijua nyuzi za nyumba yako, chukua kipande kimoja, piga kitu usichoogopa kukipoteza, ukisafishe peke yake, na pembeni ya nyuzi zile uandike dakika ulizokipa.